Maji ya Mkupi Yaliposimama

Kabianga, Kericho
4 Machi 1996

Mwanangu Beverly,

Chamgei, hujambo. Kuna jambo nimelificha tangu ujana wangu, na kwa kuwa daktari ameacha kunizungumzia habari za mwaka ujao, afadhali nikuambie wewe kwanza. Naogopa bahari. Sisemi naiheshimu, kama wasemavyo wavuvi. Naiogopa. Nilifanya kazi ya kupima maji ya pwani mpaka nikastaafu, nikatia sahihi ramani, nikafundisha vijana, na hakuna siku niliyopanda mashua bila kushikilia ukingo mpaka turudi. Siwezi kuogelea. Hakuna aliyejua ila baba yako.

Barua yako imefika. Nimesoma kwamba ofisi yenu imekupa kazi ya kuchagua mahali pa kuweka vizimba vya wavu vya kufugia samaki wa baharini, na kwamba Ghuba ya Mkupi imo katika orodha. Unasema umeikuta ripoti yangu ya mwaka 1979 kwenye kabati, na ulipoona jina la baba yako ukurasa wa mwisho ulifunga mlango ukalia, kisha ukanawa uso ukaendelea na kazi. Hilo la kunawa uso ni la Gordon mwenyewe. Baba yako hakuwa mtu wa kukaa na machozi.

Sasa nisikilize. Ripoti ile ni nzee kama mimi. Mchanga wa bahari huhama, mito huleta udongo mpya, mikoko hukatwa. Usiifuate. Na kama kuna ghuba nyingine katika orodha, iache Mkupi.

Mimi nipo. Moyo wangu umechoka, miguu imevimba, natembea kutoka kitandani hadi barazani na kurudi. Mvua yetu ya alasiri haijabadilika. Ikianza kupiga mabati namwomba Janeffer, mke wa mwanangu Robert, afungulie redio kwa sauti. Anadhani napenda kwaya.

Ni mimi,
Hezekiah arap Birir


Mkupi
19 Machi 1996

Baba Birir mpendwa,

Nimecheka mpaka Joab, nahodha wa mashua yetu, akaja kuuliza kama nimepata mchumba. Ati unaogopa bahari! Wewe? Nimemwambia Joab, naye akasema, "Huyo mzee anakutania. Mtu mwoga hapimi Mlango wa Mkupi." Basi siri yako iko salama, hakuna anayeiamini.

Na mimi siiamini, kwa sababu naikumbuka mikono yako. Nilikuwa na miaka minane. Ulikuja mazishini kwetu Kapsoit umefungwa bandeji viganja vyote viwili. Mama aliishika ile mikono mbele ya watu wote akasema, "Hii ndiyo iliyomshikilia Gordon mpaka kamba ikaikata." Hatukuambiwa mengi zaidi ya hayo: Baba alizamia kupima sakafu ya bahari, wewe ulikuwa ndani ya mashua umeshika kamba iliyofungwa kiunoni mwake, maji yakamvuta, kamba ikakuchuna nyama na hukuiachia mpaka ikakatika. Mtu mwoga angeachia mapema. Nimekua nikijua hivyo. Tena ukanisomesha. Kwa hiyo usiniletee habari za kushikilia ukingo.

Haya, kazi. Tumetembelea ghuba tatu. Ya kwanza iko karibu mno na mji, maji taka yanaingia. Ya pili haina kina, maji yakipwa wavu utalala kwenye matope. Imebaki Mkupi, na bosi wangu, Bwana Gichana, ameipenda kwa sababu ina ripoti tayari. Wewe uliipendekeza ghuba ya ndani kwa maneno mazuri sana: imekingwa upepo, haina mawimbi, "imetulia kama maziwa ndani ya kibuyu." Tutaanza na kizimba kimoja cha samaki aina ya tafi, tuone.

Nina ombi moja. Nakumbuka Robert alipokuwa anakwenda chuo. Ulipiga funda la maziwa ukamnyunyizia kifuani, ukamwambia maneno. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikaona wivu. Sasa hii ndiyo kazi yangu ya kwanza kubwa, na ni pale pale alipofia Baba. Najua huwezi kuja. Niandikie tu yale maneno kwenye karatasi. Nitayasoma nikiwa ndani ya mashua, na maziwa nitatafuta mwenyewe, hata ya pakiti.

Binti yako,
Beverly


Kabianga
2 Aprili 1996

Mwanangu Beverly,

Usiweke kizimba ghuba ya ndani.

Nitakueleza kwa njia ya nyumbani. Mtu wa kwetu akitafuta mahali pa boma la ndama, hutafuta palipojificha upepo, chini ya kilima, pakavu, pametulia. Ndama akipigwa na baridi anakufa. Mimi nililelewa hivyo. Nilipoiona Mkupi ya ndani niliitazama kwa macho ya mtu wa ndama, nikasema hapa ndipo. Hilo ni kosa ambalo mtu aliyezaliwa pwani hawezi kulifanya. Boma huzolewa samadi kila asubuhi. Chini ya kizimba nani atazoa? Ni mkondo peke yake. Samaki wanakula, wanachafua, wanavuta pumzi katika maji yale yale, na maji yasipotembea, ule utulivu ndio utakaowaua. Tafuta mahali maji yanapotembea polepole siku zote, hata siku za maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana. Tena chini ya wavu kibaki kina kisichopungua kina cha wavu wenyewe.

Chukua bildi, lile pande la risasi kwenye kamba. Paka grisi kitako chake, ushushe mpaka chini, kisha unuse kinachonata. Kikiwa tope jeusi lenye harufu ya yai bovu, ondoka. Fanya hivyo kabla ya kumwaga hata samaki mmoja.

Najua utauliza kwa nini sikuandika haya katika ripoti. Nilikuwa nimechoka. Baba yako alikuwa amekufa. Yatosha.

Mama yako Dorine alikuja juzi, amepanda kutoka Kapsoit na miguu yake mibovu. Dorine hanisikilizi nikimkataza. Alileta maziwa lala na mafuta ya nazi uliyomtumia. Akavuta kiti, akaweka mikono yangu mapajani mwake, akaipaka mafuta, makovu yote, polepole, huku akiongea habari za zahanati ya mashamba ya chai na nani amezaa. Nilimwambia, "Mama Beverly, acha, inatosha." Akasema, "Nyamaza, mzee. Mikono hii ni yangu pia." Nilitazama ukutani mpaka alipomaliza.

Alipoondoka, Janeffer aliniuliza kwa nini nimeficha mikono blanketini wakati jua linawaka.

Mengine nitaandika nikipata nguvu.

Hezekiah arap Birir


Mkupi
30 Aprili 1996

Baba Birir,

Barua yako ilichelewa. Ilinikuta samaki wamekwisha kumwagwa. Nilipoisoma nilimpelekea Bwana Gichana moja kwa moja. Aliisoma yote, akanirudishia, akasema, "Binti, ripoti ya mzee ina vipimo. Barua ya mzee ina ndama. Mimi nitafuata vipimo." Ningefanya nini?

Tarehe ishirini na tano maji yalikuwa mafu. Bahari ilisimama kama beseni. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha bara, mto ukaleta maji mekundu yakakaa juu ya yale ya chumvi. Asubuhi Joab alienda kulisha, nikamsikia akiniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Tafi wote walikuwa wamegeuza matumbo juu. Maji yaliyokuwa mekundu yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Na ile harufu, Baba. Yai bovu, kama ulivyosema. Walinzi wawili waliolala kwenye jukwaa la kizimba walikuwa wanatapika. Tuliwashusha kwa kuwabeba. Wako hai, lakini mmoja bado anaumwa kichwa na amesema harudi hata akilipwa mara mbili.

Joab anasema, "Huyo mzee wako alijua." Nikamwambia alikuwa anakisia tu. Akanitazama akasema, "Sista, mtu hakisii harufu."

Sasa Bwana Gichana ameruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kama ndani maji hayatembei, basi twende mlangoni, pale ghuba inapokutana na bahari kubwa. Mkondo wa pale una nguvu, lakini tutatumia nanga kubwa, na nanga lazima zifungwe chini kwa mkono, kwenye mwamba. Mzamiaji ni mimi. Nimefunzwa, nina cheti, usiogope. Na tena unatusaidia wewe mwenyewe, kwa sababu umeandika waziwazi: "Wakati wa maji mafu, maji ya mlangoni husimama kabisa, juu hadi chini, kwa muda wa kutosha mzamiaji kufanya kazi." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Yananipa moyo. Nayaona kama umeniachia mlango wazi.

Tutazamia maji mafu yajayo, tarehe kumi, au yale yanayofuata kama vifaa vitachelewa.

Kuhusu lile ombi langu, hukujibu. Nilidhani umesahau, lakini wewe husahau kitu gani? Nilimuuliza Mama kwa simu ya dukani. Akaniambia nisikusumbue. Baba, kama ni kwa sababu ya kanisa, niambie. Au baraka za Wakipsigis haziwafikii watoto wa Wajaluo? Natania. Nusu natania.

Beverly


TELEGRAMU
Kericho, 8 Mei 1996

BEVERLY AMOLO MKUPI. USIZAMIE MLANGONI. NAKUSIHI NGOJA BARUA. BIRIR


Kabianga
9 Mei 1996

Kwako Dada Beverly,

Salamu nyingi. Mimi ni Janeffer, bibi ya Robert. Samahani kwa Kiswahili yangu, wewe umesoma na mimi niliachia darasa la saba.

Jana Mzee alipata barua yako akasoma akiwa barazani. Mimi nilikuwa nachuma chai hapo chini ya nyumba. Nikaona mtu anapita kwa njia ameshika ua wa boma kwa mkono. Ni Mzee! Na hajatoka kwa boma tangu Krismasi. Nikatupa kikapu nikakimbia. Nikamuuliza, "Baba, unaenda wapi na miguu hiyo?" Akasema, "Posta. Kericho." Nikamwambia Robert atapeleka. Akasema, "Robert atachelewa. Mtoto wa Gordon atazama." Nikamwambia hakuna mtu anazama, Beverly ako na cheti. Akanishika mkono kwa nguvu, hata sikujua bado ako na nguvu hiyo, akasema, "Cheti haijui kile mimi najua." Halafu akakaa chini kwa matope.

Tulimbeba na Robert na jirani. Robert alichukua pikipiki ya mwalimu akapeleka ile simu ya maandishi.

Sasa amekataa kula. Mvua ikinyesha anaziba masikio. Mchungaji alikuja kumwombea, Mzee akamwambia, "Usiniombee nipone. Niombee nipate mdomo." Sisi hatujui ni mdomo gani anataka, maana anaongea vizuri tu.

Leo aliniomba karatasi. Ameandika, akararua. Ameandika tena, akararua. Nimeona jina lako tu.

Dada, kama kuna kitu anaogopa huko kwa maji, tafadhali usiingie. Na kama umemkasirikia kwa sababu ya kitu, msamehe mapema. Naona kama anakungoja wewe.

Janeffer


Mkupi
15 Mei 1996

Baba Birir,

Nimepokea telegramu na barua ya Janeffer. Sikuzamia tarehe kumi. Kwa hiyo kwanza tulia, kula uji, unisikilize.

Bwana Gichana alisoma telegramu mbele ya ofisi nzima. Akasema, "Huyu mzee kwanza alitupeleka ndani, kisha akatutoa ndani. Ametupeleka mlangoni, sasa anatutoa mlangoni. Ana ugomvi na sisi au na maji?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisimama nikasema sizamii mpaka nipate barua yako. Akasema sawa, nisizamie. Joab atazamia badala yangu, Jumamosi tarehe ishirini na tano. Joab hana mafunzo yangu. Anajua kuogelea tu, na ana mke mwenye mimba huko bara, Ndanai. Nikamuuliza kama amekubali. Akasema, "Mzee ameandika maji yanasimama. Kama yanasimama, yanasimama." Unaona, Baba? Hata yeye anakuamini kuliko anavyomwamini bosi.

Mimi sitaki Joab aende. Nikibaki bila sababu ya kumpa Gichana, nitaingia mimi. Nimekwisha kuamua hivyo.

Kuna mahali pa tatu. Katikati ya ndani na mlango, pale ghuba inapopinda karibu na mikoko. Nimerusha machungwa majini kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo kwenye bwawa la chai, nikayafuata kwa mashua. Yanatembea polepole, hata siku za maji mafu. Nadhani hapo ndipo. Lakini ripoti yako inasema pale chini ni mwamba mtupu uliolala mteremko, nanga haitashika, na Gichana hataki hata kutupeleka tupime. Anasema huwezi kupuuza kipimo cha mtu aliyepoteza mwenzake akikipima.

Nataka sababu. Si ndama, si mchanga unaohama. Kwa nini unaiogopa ripoti yako mwenyewe? Uliona nini pale mlangoni siku ile?

Na niambie ukweli juu ya ile baraka. Umeninyima kwa nini? Mimi nimekuita Baba maisha yangu yote. Kama mimi si mtoto wako, nitaumia, lakini nitabeba. Kutojua ndiko siwezi kubeba.

Beverly


Kabianga
22 Mei 1996

Beverly,

Barua hii analeta Robert kwa mkono. Anapanda basi kesho asubuhi na Ijumaa atakuwa kwako. Nimemwambia asikae, asile, asiongee na mtu mpaka aiweke mkononi mwako. Ukimaliza kusoma, mpelekee Bwana Gichana. Mpe karatasi yote. Usinifichie kitu.

Nimeiandika barua hii mara nyingi na kila mara nilisimama mahali pamoja. Nitajaribu kutosimama.

Kwanza vipimo, kwa sababu Joab ana mke anayemngoja. Pale kwenye mpindo wa mikoko sijawahi kushusha bildi. Niliandika mwamba kwa sababu nilitaka ripoti iishe na nisirudi tena Mkupi. Sijui kilichoko chini. Nenda ukapime. Kama machungwa yako yanatembea siku za maji mafu, na bildi ikileta mchanga au tope lisilonuka, basi wewe umechagua vizuri kuliko mimi.

Ghuba ya ndani niliipendekeza bila kuipima inavyopaswa. Nilikuambia nilitazama kwa macho ya mtu wa ndama, na hiyo ni kweli, lakini si yote. Palikuwa mahali pa pekee ambapo niliweza kukaa ndani ya mashua bila kushikilia ukingo. Nilichagua mahali ambapo mimi siogopi, nikaandika kwamba panafaa samaki.

Sasa mlango.

Maji ya mlangoni hayasimami juu hadi chini. Hiyo sentensi niliyoandika, ambayo unasema inakupa moyo, ni uongo. Ni uongo niliokaa nikautunga. Siku za maji mafu, juu hutulia kabisa. Ukirusha machungwa yanakaa pale pale kama yamewekwa mezani. Lakini chini maji bado yanakimbia kwenda nje, kwa nguvu, na mtu aliye juu hawezi kujua. Mzamiaji anashuka katika utulivu, na kule chini anakuta mto. Asiingie mtu. Wala wewe, wala Joab, wala aliye na vyeti kumi.

Nalijua hilo kwa sababu nilimwona baba yako akiingia.

Utauliza kwa nini niliandika kinyume. Kama ningeandika kwamba chini maji yanakimbia, wangeniuliza kwa nini nilimruhusu Gordon azamie, na wangeniuliza tulikaa vipi, nani alikuwa wapi, nani alishika nini. Kwa hiyo niliandika kwamba maji yalikuwa salama na kwamba ajali ilikuwa ya kamba. Sentensi moja ilinifunika mimi, na sasa ilikuwa karibu kukufunika wewe.

Umeniuliza juu ya baraka. Kwetu, mzee mwenye damu ya mtu mkononi asiyoisema, hanyunyizii mtoto maziwa. Akifanya hivyo baraka hugeuka njiani na kumfikia mtoto ikiwa kitu kingine. Mimi ni mtu wa kanisa, nimesoma sayansi, na hilo naliamini kuliko ninavyoamini mambo mengi niliyosoma. Robert nilimbariki mwaka wa 1978, kabla. Tangu wakati ule sijabariki mtu. Wajukuu wangu wamekwenda shule bila maziwa yangu, na Janeffer anadhani ni ulokole. Sikukunyima kwa sababu wewe ni Mjaluo. Nilikunyima kwa sababu wewe ni wa Gordon.

Naogopa sana ninapoandika. Siogopi kifo, hicho nimekizoea, kinakaa na mimi barazani. Naogopa utakaposoma mistari inayofuata utaacha kuniita ulivyoniita. Naogopa mama yako atakaponitazama mikono. Nilikuwa nimepanga nife kabla. Mwenyezi Mungu hakukubali, akakutuma wewe Mkupi.

Siku ile bahari ilikuwa shwari, lakini siku iliyotangulia mawimbi yalikuwa yameturusha, na nilikuwa nimelala bila kufumba macho. Asubuhi nilimwambia Gordon sipandi. Alicheka, hakunidharau. Alisema kwa Kikipsigis, maana alikulia mashamba ya chai na alikisema kuliko vijana wetu wa sasa, "Mzee, wewe kaa na mbuzi, mimi nitakwenda mtoni." Sheria ya kazi ilikuwa mtu asizamie bila mwenzake kwenye mashua ameshika kamba. Mimi ndiye niliyeiandika sheria hiyo. Nilimwambia aifunge kamba kwenye ubao wa kukalia, na mimi nitamtazama kutoka ufukweni.

Sikuwa ndani ya mashua, Beverly.

Alitia nanga, akarusha machungwa, yakasimama. Akanipungia mkono, akashuka. Niliona kamba ikivutika, ikajipinda kuelekea bahari kubwa, wakati machungwa hayajasogea hata kidogo. Nikaelewa. Nadhani nilielewa kabla yake. Kisha fundo likafunguka, mkia wa kamba ukapita ukingoni ukaingia majini. Angekuwepo mtu pale, angeushika.

Alitokea juu upande wa nje, mbali na mashua lakini si mbali na mimi. Alikuwa anaogelea vizuri. Kulikuwa na mtumbwi wa mvuvi mmoja mchangani, kafi limo ndani, karibu na miguu yangu. Aliniita. Hakusema Bwana Birir wala Mzee, aliniita jina langu la utoto, lile ambalo mama yangu alinipa, ambalo nilimtajia siku moja tukila. Aliita zaidi ya mara moja. Niliingia majini mpaka yakanifika kwenye vifundo vya miguu. Hapo nikasimama. Sikuusukuma mtumbwi. Nilisimama mpaka sauti ikaisha.

Jioni maji yalipojaa, mashua iliburuta nanga ikaja yenyewe mchangani. Nilipanda nikakaa ndani yake, na wavuvi waliporudi walinikuta humo, wakadhani nimerudi na mashua. Sikuwasahihisha. Walileta mwili wa Gordon kesho yake.

Lakini kabla wavuvi hawajafika nilikuwa nimewaza nitakayoulizwa, na nikaitazama mikono yangu, nikaona ni mizima. Ndani ya mashua kulikuwa na kamba ya akiba ambayo haikuguswa na maji siku ile. Niliifunga kwenye ubao, nikaishika kwa viganja viwili, nikaivuta ikateleza, nikaivuta tena, mpaka nyama ikatoka. Makovu anayoyapaka mama yako mafuta nilijitia mwenyewe, kwa kamba kavu.

Hezekiah arap Birir